Mpaka Nilioukata kwa Mkasi

Mwanangu Mwesiga,

Mvua imeanza tangu ulipoondoka kwenda Maruku kuwaaga wajomba zako, nami nimekaa mezani karibu na dirisha, maana macho yangu siku hizi yanahitaji mwanga wote yanayoweza kuupata. Mama yako yuko jikoni anakufungia chakula cha njiani. Mambo ya blanketi, ya kwinini, na ya nani umwandikie kwanza ukifika Mwanza ni yake, na najua amekwisha kukueleza mara tatu. Mimi nataka kukuandikia juu ya kamera. Nakusikia ukicheka: "Taata na kamera zake tena!" Cheka, lakini soma hadi mwisho, kwa sababu mwisho wa barua hii si kamera.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tunakula, ulisema umewaeleza wakubwa wako wapya wa ofisi ya ardhi habari za picha ya Muleba, ile inayoning'inia ukutani kwa baba yako mkubwa Ishengoma. "Nimewaambia baba yangu aliunga vipande vitatu vikawa picha moja, na mtu hataona mshono hata akitumia kioo cha kukuzia." Ukasema ni picha hiyo iliyokufanya uitake kazi hii ya kupiga picha za milima. Mama yako akanitazama. Mimi nikasema, "Kula, matoke yanapoa."

Hilo ndilo jibu ulilolipata kwangu, na ndilo nililokuwa nalo kwa miaka yote hii.

Nianze na jambo rahisi. Umeniambia ofisi itakuruhusu uchague kamera moja kati ya tatu, nawe roho yako iko kwenye ile inayozungusha lenzi yenyewe na kuchukua bonde zima kwa mara moja. Hiyo ya ofisi yenu sijaishika kwa mikono yangu, ila Bwana Nanji, yule mwenye duka la picha pale Bukoba aliyenifundisha kazi, aliwahi kuniazima ya aina hiyo kwa wiki nzima. Ni kitu cha kustaajabisha. Lakini nilipoipigia barabara iliyonyooka, ikatoka imepinda kama upinde. Watu waliosimama katika mstari mmoja walitoka kama wamezunguka ngoma. Tena mashine yake ya kuzungusha, vumbi likiingia, husitasita katikati ya safari yake, na pale iliposita utaona mstari mweupe umesimama kwenye picha kutoka mbinguni hadi ardhini. Ukiwa Bukoba utaipeleka kwa fundi. Ukiwa juu ya mlima huko Usukumani utaipeleka kwa nani?

Ya pili, yenye lenzi pana, itakudanganya kwa njia nyingine. Wengi hudhani nchi pana inataka lenzi pana. Lenzi hiyo huingiza vitu vingi, ndiyo, lakini huusukuma mlima mbali hadi ukawa kichuguu, na mbele yako inajaza majani ambayo hukuyataka. Chagua ya tatu, ile nzito isiyo na maringo, yenye lenzi ya kawaida na stendi imara ya miguu mitatu. Piga vipande vingi, uviunge. Ni kazi zaidi, lakini kila kipande kitakuwa kimesema kweli.

Nimeiandika sentensi hiyo ya mwisho, nikaweka kalamu chini kwa muda. Niendelee.

Kuhusu kuitunza, nitakupa makosa yangu, kwa kuwa sifa zangu unazijua. Unyevu wa nchi yetu huotesha ukungu ndani ya lenzi, kama utando wa buibui mdogo sana, na ukishaota huula uso wa kioo, haufutiki tena. Lenzi yangu ya kwanza iliharibika hivyo kwa sababu niliifungia katika mkoba wake wa ngozi. Ngozi hunywa maji kama mtu. Lenzi ya pili nikasema nitakuwa mwerevu, nikaificha stoo katikati ya magunia ya kahawa kavu, nikidhani penye kahawa kavu na kamera itakauka. Ikakauka kweli. Ikajaa na vumbi la maganda, na wadudu wa kahawa wakatoboa mvukuto wa kamera, ule mkunjo mweusi wa mbele, mashimo madogo kama ya sindano. Nilipiga harusi nzima ya watu wa Kashozi, na kila picha ikatoka na nyota mchana. Bwana arusi akaniuliza, "Mwalimu, tulifunga ndoa usiku?"

Kwa hiyo: sanduku la bati, na ndani yake kifuko cha mchele uliokaangwa hadi ukakauka kabisa, ukaange upya kila wiki. Mvukuto uchunguze kila mwezi. Ingia chumba cha giza, weka taa ndogo ndani ya kamera, utazame kwa nje. Penye tundu patawaka. Ziba kwa karatasi nyeusi na gundi. Na kilango cha mwanga, kile kinachofunguka na kujifunga unapopiga, kikianza kugoma, usitie mafuta ya cherehani. Usitie mafuta yoyote. Nilitia mimi, kikafanya kazi vizuri siku mbili, halafu kikashikana na vumbi kikafa.

Sasa kuunga. Simamisha stendi, uilaze sawa kwa pimamaji ya mwashi, usiamini macho, kwa kuwa mlimani macho huona mteremko kuwa tambarare. Kamera igeuke pale pale lenzi ilipo, isigeuke kwa mgongo wake. Ukitaka kujua sababu, nyoosha kidole mbele yako, fumba jicho moja, tikisa kichwa. Kidole kinahama juu ya mlima, sivyo? Ndivyo mti wa karibu utakavyohama juu ya mlima wa mbali kama kamera itazunguka vibaya, na vipande vyako havitapatana milele. Mwanga ukishauchagua kwa kipande cha kwanza, usiubadilishe hadi cha mwisho, la sivyo anga litatoka na mistari kama shuka. Fanya haraka, mawingu hayangoji. Na kila kipande kirudie theluthi moja ya kile kilichotangulia, ili wakati wa kuunga uwe na mahali pa kulinganisha.

Theluthi moja hiyo ndiyo ninayotaka kukueleza. Nimekuwa nikiizunguka tangu nianze barua.

Babu yako alikuwa na kibanja kimoja kikubwa kule Muleba, migomba na kahawa, mteremkoni unapotazama ziwa. Alikuwa na watoto watatu: Ishengoma, mimi, na shangazi yako Kokwijuka. Mimi nilikwisha kupata pangu hapa Bukoba kwa kazi ya ualimu. Ishengoma alikuwa mrithi. Kokwijuka aliolewa, akafiwa na mume kabla ya kupata mtoto, watu wa mumewe wakamrudisha. Unajua desturi yetu ilivyo kwa mwanamke wa namna hiyo: hana ardhi kwa mume wala kwa baba. Babu yako, kabla ya kufa, alimkatia kipande upande wa kulia, akapanda mlamula mbele ya wazee wawili, mstari mzima kutoka juu hadi kwenye njia ya kisimani. Sina haja ya kukufundisha mlamula. Mtoto wa Kihaya huujua mti huo wa mpaka kabla hajajua kusoma, na anajua kwamba hauguswi.

Mwaka ule ulipokuwa bado unanyonya, Ishengoma alikuja hapa kwangu. Alikuwa na furaha. Alikuwa amejenga nyumba ya bati.

"Mdogo wangu," alisema, "nataka kibanja chote cha baba kwenye picha moja. Kiwe ukutani. Mgeni akiingia, akione kabla hajakaa."

"Kamera yangu haiingizi kibanja chote."

"Si wewe mwalimu? Mwalimu hashindwi na shamba."

Nikaenda. Nikavuka bonde, nikasimama kilima cha pili, nikapiga vioo vitatu. Siku zile picha zilikaa juu ya vioo, sio filamu. Nilifanya kila nililokuandikia hapo juu, hata pimamaji nilikuwa nayo. Kosa halikutokea mlimani. Lilitokea mezani, kwenye meza hii.

Nilivichapa vioo kwenye karatasi, na nilipokuwa naunga kipande cha kati na cha kulia, nilitafuta mgomba wa kulinganisha. Mwanangu, migomba inafanana. Nilichagua mmoja wenye jani kavu lililoning'inia kushoto, nikautafuta kwenye kipande cha pili, nikauona, nikaweka rula, nikakata kwa mkasi. Ulikuwa mgomba mwingine. Kati ya ule wa kweli na huu niliodhani ndio, palikuwa na upana wa vidole viwili vya karatasi, na ndani ya vidole hivyo viwili ulikuwa mstari wote wa mlamula na kijia cha shangazi yako. Nilivikata vikaanguka sakafuni. Vipande vilivyobaki vikakutana vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nyumba ya shangazi yako ikawa imesimama katikati ya migomba ya kaka yake, kama jiko la nje.

Ungesema ni bahati mbaya. Ningependa sana useme hivyo. Lakini nilimwonyesha Bwana Nanji kabla ya kuibandika. Akaiweka mbali, akaisogeza karibu, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mwalimu, hii mshono iko mzuri sana. Mimi naogopa mshono mzuri namna hii."

"Unaogopa nini?"

"Iko rahisi sana. Wewe hesabu migomba."

Nikacheka, lakini jioni nikahesabu. Nikaona. Kijia hakipo, mlamula haupo. Nikawaza: nikiurudisha ukanda ule, jani moja halitakutana na lenzie, na mshono utaonekana. Nikasema moyoni, nani atahesabu migomba ukutani kwa mtu? Nikaibandika.

Halafu nikafanya jambo la mwisho. Fremu ile ndefu ilihitaji vioo, na vioo havikupatikana madukani. Sisi wapiga picha wote wa hapa tulikuwa na desturi: kioo cha picha kikishatumika, unakiosha kwa maji ya moto na magadi, picha inatoka kama ngozi ya maziwa, unabaki na kioo safi. Nikaviosha vioo vitatu vya Muleba, nikavitumia kufunika picha ya Muleba. Kioo kilichokuwa na mlamula wa shangazi yako ndicho kilichowekwa juu ya picha isiyokuwa nao. Bado kipo pale. Umekipumulia mara nyingi ulipokuwa mdogo, ukiweka pua yako ili uone vizuri.

Miaka ikapita. Wazee wawili walioshuhudia wakafa, mmoja baada ya mwingine. Ishengoma akawa na wana saba na wote wanataka pa kujenga. Wewe ulikuwa darasa la nne, bweni, Kashozi. Msimu wa masika Ishengoma aling'oa mlamula, akapanda migomba juu ya mstari. Kokwijuka akamshitaki. Baba yako mkubwa, maana naye ni kaka yangu na siwezi kumfanya shetani, alichukua picha ukutani, akaifunga kwa shuka, akaenda nayo kwenye baraza la gombolola.

Nikaitwa. Nilikwenda mbio, hata nikifurahi, nikidhani mimi ndiye dawa. Mzee wa baraza akaniuliza:

"Mwalimu, picha hii ulipiga wewe?"

"Nilipiga mimi, waitu, mzee wangu."

"Kamera inaweza kuona mpaka usiokuwepo?"

"Haiwezi."

"Inaweza kukosa kuuona uliopo?"

"Kamera iliuona. Mimi ndiye niliyeukata, kwa mkasi."

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwalimu analima kwa mkasi!" Nikaanza kueleza. Unanijua ninavyoeleza. Nikaeleza theluthi moja, nikaeleza jani kavu, nikanyoosha kidole na kufumba jicho moja mbele ya wazee wale. Kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyoonekana mwongo. Mzee akaniuliza, "Basi lete hivyo vioo tuone." Nikanyoosha mkono kwenye fremu. "Ndivyo hivi," nikasema. Akavitazama. Akaona uso wake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, "kumpenda dada si dhambi. Lakini usiseme uongo barazani kwa ajili yake."

Wakaamua kwa picha. Nilikwenda kwa mkuu wa juu yao, nikaandika barua mbili, nikajibiwa kwamba ushahidi ulikuwa bayana. Nilimwendea Ishengoma nikamwambia, "Kaka, wewe ulikuwepo baba alipopanda." Akaiangalia picha muda mrefu. "Nilikuwepo," akasema, "lakini sikumbuki palikuwa wapi. Na wewe mwenyewe hukuuona." Nadhani kufikia hapo aliiamini kweli. Ndivyo picha zinavyofanya, Mwesiga. Mtu akiiona kila asubuhi anapokunywa chai, inakula kile alichokuwa anakumbuka.

Shangazi yako alihamia Kemondo, akakodi chumba, akaanza kuwapikia wapagazi wa bandarini. Wewe tulikuambia amependa biashara. Nimekwenda kumwona mara tatu. Nilitaka anitukane. Mara ya kwanza nilimwambia yote, hadi Bwana Nanji, hadi kuhesabu migomba. Alisikiliza, akainuka, akaniletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima ambaye hujui ukoo wake. Akaniuliza habari za safari. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilitafuna kahawa yake nikarudi bila kusema kitu. Dada yangu niliyelala naye ngozi moja tukiwa watoto ananiuliza habari za barabara.

Sasa wewe unakwenda kupiga vilima vya watu wengine. Umesema picha zenu zitawekwa mezani, na watu ambao hawajafika kule watachora mistari juu yake: hapa walime, hapa wasilime, hawa wahame. Ulilisema kwa fahari, nami niliuona uzuri wako ulipokuwa ukisema. Nimefikiria kukukataza. Ningekukataza kwa maneno gani? Mtoto wa miaka ishirini hazuiwi na mkasi wa babake. Nimefikiria kukupa kanuni, na kanuni nilizo nazo nimekwisha kukupa, nawe umeona kwamba nilizifuata zote. Kanuni hazikunisaidia pale nilipopenda mshono. Sijui nini kingenisaidia. Laiti ningejua, ningekuandikia ukurasa mmoja tu, ukalale.

Labda hili tu: ukanda unaobaki baada ya kukata, usiutupe. Na kioo au filamu ya nchi ya mtu, usiioshe. Hata mkubwa wako akisema sanduku limejaa.

Kesho meli itasimama Kemondo kupakia kahawa, saa mbili au tatu. Umemwambia mama yako kwamba utashuka umsalimu shangazi, umwonyeshe kamera niliyokupa utakayoitumia hadi ofisi ikupe yako, na umpige picha. Ni ile ile, mwanangu. Sikukuambia. Yeye ataijua, aliibeba stendi yake siku ile, akavuka bonde nami, kwa kuwa alitaka kuona kwao kunavyoonekana kutoka ng'ambo. Nilikusudia kukuomba usishuke nayo, nikaona nitakuwa nimekata tena. Nilikusudia kukutuma maneno kwake, nimeyaandika na kuyafuta tangu mchana, na yote yanaishia kuwa maelezo.

Shuka. Akiuliza nani amekupa kamera, mtaje baba yako. Akikuletea kahawa kwa mikono miwili kama mgeni, pokea utafune, wala usijaribu kunitetea. Akikataa picha, funga sanduku, mkae mzungumze hadi honi ilie. Akikubali, usimpange. Mwache achague mwenyewe pa kusimama, nawe urudi nyuma hadi yote anayotaka yaonekane yameingia. Ukiisafisha, mpelekee yeye. Mimi usinitumie nakala.

Baba yako.